Kiota cha Ndege wa Mkia Mrefu

Eugénie alichagua bustani ile kwa sababu moja, na sababu hiyo hakumwambia mama yake.

Alimwambia mengine. Alimwambia kuna kivuli, kuna mabenchi, kuna upepo unaopanda kutoka mto Rwizi. Yote yalikuwa kweli. Mama Marthe alikuwa ameletwa Mbarara kutoka kambi ya Nakivale apasuliwe macho, kwani mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, hata akawa anautambua mchana kwa weupe wake tu. Lakini walipofika hospitali ya misheni ya Ruharo, presha yake ilikutwa juu.

"Nyabo, mama, wewe tulia," nesi wa Kinyankole alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Presha iko juu sana, sasa hapana pasua. Kunywa dawa, tembea kidogo, wacha mawazo mingi. Ikishuka, tunapasua."

Basi wakakaa katika chumba walichopewa na dada mmoja wa kanisa hukohuko Ruharo, na kila asubuhi, umande ukishakauka, Eugénie alimshika mama yake mkono wakateremka polepole hadi bustanini. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza. Miti ilikuwa imevimba majani, na kila tawi lilikuwa na ndege anayejenga, anayegombana au anayebeba unyasi mdomoni.

Sababu ambayo Eugénie hakuisema iliitwa Mihigo.

Mihigo alikuwa mtoto wa wafugaji, watu waliotoka milima ya juu ya Uvira, kule Kongo. Naye Eugénie alikuwa mtoto wa wakulima wa bondeni, chini ya milima hiyohiyo. Kule nyumbani wangeweza kuishi maisha yao yote bila kujuana. Walikutana Mbarara, siku Eugénie alipokuja kununua vitambaa vya cherehani yake ya soko la Base Camp, kule kambini, akamsikia kijana mmoja mrefu akimwita mteja kwa Kiswahili cha kwao. Mihigo alikuwa akileta maziwa mjini kutoka Biharwe. Eugénie aligeuka kwa sababu ya sauti, akabaki kwa sababu ya mwenye sauti. Mwaka mzima ukapita, na mwishoni Mihigo akamtuma shangazi yake, Kantengwa, aende Nakivale kuposa.

Mama Marthe alimkaribisha Kantengwa kwa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hapana. Hakutaka kumwona kijana wala kusikia habari zake. Alisema hapana, akaomba radhi kwa chai kukosa maziwa, basi.

Eugénie alijua kwamba Mihigo, akishamaliza kuuza maziwa yake, hupitia bustani ile kutazama ndege. Alikuwa na mazoea hayo tangu utoto wa kuchunga ng'ombe, na Jumamosi alifuatana na kundi la watu wa mjini wapendao ndege. Eugénie hakuwa na mpango wowote. Alitaka kumwona tu, kwa mbali, amwone akiwa amesimama.

Akamwona. Alikuwa chini ya mti wenye matawi membamba, kichwa kimeinuka, darubini machoni. Alipoishusha akamkuta Eugénie mbele yake na mama yake mkononi. Macho yao yakashikana. Eugénie alisikia joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akatikisa kichwa taratibu: usije. Mihigo akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma, akageukia mti wake. Huenda mambo yangeishia hapo, lau asingecheka.

"Nani uyo anacheka peke yake?" Mama Marthe aliuliza, akigeuza uso wake kuelekea sauti.

Mihigo aliinua darubini haraka, akajificha nyuma yake.

"We mutu unayecheka! Mimi sioni. Kama kuna kitu ya kucheka, nisaidie nami nicheke. Nimechoka kusikiliza presha yangu."

Mihigo alimtazama Eugénie, na Eugénie akaweka kidole mdomoni. Baadaye alijilaumu sana kwa kidole kile. Wakati huo aliogopa tu, na woga ulifanya kazi kabla ya akili.

"Jambo, mama," Mihigo alisema kwa upole, akisogea. "Nacheka ndege. Iko ndege mudogo hapa juu, nyumba yake ni ndogo kama kikombe cha kahawa. Kichwa cheusi, mugongo mwekundu kama tofali, na mukia mrefu kumupita yeye mwenyewe mara mbili. Sasa ameingia kulalia mayai. Mwili umeenea, lakini mukia wote umebaki inje, unaning'inia. Ni kama mutu amelala na miguu imetoka mulangoni."

Mama Marthe alicheka. Eugénie hakuwa ameisikia sauti ile tangu walipotoka Nakivale.

"Mwanamuke mwenye mukia namna ile?"

"Hapana, mama. Uyu ni mwanaume. Mukia wa bibi yake ni mufupi. Wanalalia kwa zamu."

"Mwanaume analalia mayai!" Mama Marthe alipiga goti lake kwa kiganja. "Eugénie, unasikia? Papa yako hata kukubeba mugongoni alikataa. Ikaa, mwanangu, ikaa hapa. Unatoka wapi? Nasikia luga ya kwetu, lakini inashuka kutoka milimani."

"Ndiyo, mama. Milimani."

"Watu ya ng'ombe."

"Watu ya ng'ombe, mama."

"Aya. Hata ninyi ni watu," alisema Mama Marthe, akasogea ampe nafasi kwenye benchi.

Ndivyo ilivyoanza. Kesho yake mama huyo ndiye aliyeharakisha kuamka. Akauliza kama jua limetoka, akauliza viatu vyake viko wapi, akauliza kama yule kijana wa ndege atakuwepo. Alikuwepo. Ndege wa mkia mrefu akapewa jina, Papa Mukia, na kila asubuhi Mihigo alisimulia: leo Papa Mukia amefukuza kunguru mkubwa kama kuku, leo mke amechelewa kurudi na mume amekaa kwa hasira, leo wameongeza uzi wa buibui ukutani, maana upepo wa usiku ulitikisa nyumba. Mama Marthe alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, uso wake mkavu ukilegea.

Eugénie alikaa upande wa pili wa mama yake, kati yao watatu akiwa yeye peke yake anayeumia. Na bado alifurahi hadi akaogopa furaha yenyewe. Mara nyingine Mihigo, akieleza, aliegemeza mkono wake juu ya mgongo wa benchi nyuma ya Mama Marthe, na vidole vyake vikafika karibu na bega la Eugénie, visiliguse. Eugénie aliuhisi ule upenyo mdogo kwa nguvu kuliko ambavyo angeuhisi mguso wenyewe.

Siku moja Mihigo alimpa mama darubini aishike. "Kioo kimoja kimepasuka, mama. Inaona kwa jicho moja tu."

"Basi inanizidi jicho moja," alisema Mama Marthe, wakacheka wote.

Siku nyingine mama alikuja na bakuli lake. Alikuwa amempikisha Eugénie ugali wa muhogo na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwa la kwao, akaviunga kwa nyanya na pilipili. "Leo nitakulipa kwa hadisi zako," alisema, akamsogezea Mihigo bakuli kwa kupapasa.

Eugénie alishika pumzi. Kwa kina Mihigo samaki haliwi. Wazee wao hata harufu yake hawaitaki ndani ya nyumba yenye maziwa. Mihigo alizitazama ndagala, nazo, kwa vichwa vyao vyote, zilimtazama. Akamega tonge, akachovya, akaweka kinywani. Macho yakamtoka. Shingo yake ndefu ilipanda ikashuka kama ya ndege anayemeza mjusi.

"Ni tamu?" mama aliuliza.

"Ni... ni tamu mingi, mama."

"Ongeza."

Akaongeza. Eugénie alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi ya kicheko yakimtiririka, na ndani ya kicheko hicho akatambua kwamba hatampenda mwanamume mwingine maishani.

Siku iliyovuruga mambo ilianza vizuri. Mama Marthe alikuwa amepimwa, presha imeanza kushuka, na nesi alikuwa amempigia makofi. Alifika kwenye benchi akiwa na moyo mweupe, akataka kuzungumza.

"Wewe umeoa?" alimwuliza Mihigo.

"Bado, mama."

"Juu ya nini? Unajua kusema vizuri, unasikiliza watu wakubwa. Iko mwanamuke anakukatalia wewe?"

Mihigo aligeuzageuza darubini yake. "Iko mama mukwe alinikatalia."

Eugénie alimtolea macho. Mama Marthe alitikisa kichwa kwa huruma.

"Basi nikuambie siri ya mama mukwe, maana mimi pia ni mumoja wao. Kijana wa kwenu alituma shangazi yake anitake uyu Eugénie. Nikakataa. Sikukataa juu ni mubaya. Hata simujui."

"Ulikataa juu ya nini, mama?"

Eugénie alishika ukingo wa benchi. Hata yeye hakuwahi kujibiwa swali hilo.

"Niko na mutoto mwingine, mukubwa wake, anaitwa Divine," mama alisema. "Aliolewa, mume akamupeleka mbali. Tangu siku ile namusikia kwa simu. Watoto wake wanasema luga sijui. Macho yangu ilifungwa mbele ya kumuona tena, na sasa hata wakifungua macho, Divine hatakuwa hapa, fasi naweza kuona. Ninyi watu ya ng'ombe munapenda muke wenu, sikatai. Lakini mukimuchukua, anakuwa wenu kabisa. Anakunywa maziwa yenu, anasema kinyamulenge, anasahau sombe ya mama yake, ile mboga ya majani ya muhogo. Uyu Eugénie njo ananishika mukono. Akienda, mukono wangu nitaunyoosha kwa nani?"

Juu yao Papa Mukia aliingia kiotani na mkewe akatoka, kimyakimya. Mara hii Mihigo hakuwa akitazama juu. Alisimama kutoka kwenye benchi, akapiga goti moja kwenye nyasi zenye unyevu, uso wake ukawa usawa na wa mama.

"Mama, ule kijana ni mimi. Mimi njo Mihigo. Kantengwa ni shangazi yangu."

Mama Marthe hakushtuka. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kana kwamba anasubiri maneno yale yamalize kuingia. Kisha uso wake ukageuka, si kwa Mihigo, bali kwa Eugénie.

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo, mama."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Nikamulisha. Nikamuchekea. Mukaangaliana juu ya kichwa yangu." Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo ilipouma. "Munanichezea juu sioni."

Akasimama peke yake. Eugénie alimkimbilia, akaukuta mkono wake ukivutwa. Mama Marthe alitembea hatua kadhaa kuelekea mahali alipodhani lango lipo, akajikwaa kwenye ukingo wa maua, akajishika, akaendelea. Watu wawili waliokuwa wamekaa kwenye nyasi waligeuka kumtazama.

"Ungengoja!" Eugénie alimgeukia Mihigo, akinong'ona kwa hasira. "Ungengoja apasuliwe! Presha yake unaijua!"

"Naijua."

"Basi kwa nini?"

"Alikuwa ananiambia maneno ya moyo wake, Eugénie. Singeweza kula tena chakula yake bila jina." Alionyesha kwa mkono kule mama alikokwenda. "Nenda. Mushike, hata akikataa mushike. Mimi sitawakaribia tena, hata kwa simu, mupaka yeye mwenyewe aniite."

"Na asipokuita?"

Mihigo alimtazama, mtazamo mrefu, wa mtu anayehifadhi sura moyoni. Eugénie akakimbia.

Presha ikapanda upya. Nesi akasikitika, akaongeza dawa. Mama Marthe akawa anakaa ukingoni mwa kitanda chake kule Ruharo, akijibu "ndiyo" na "hapana" kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine. Eugénie alimpikia, akamwogesha miguu, akamsukia nywele. Simu yake haikulia. Mihigo alikuwa ameshika neno lake, na Eugénie, ambaye ndiye aliyemgombeza, aliitazama simu ile hadi akaichukia.

Kisha asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, mama akauliza ghafla:

"Watoto ya Papa Mukia wametoka kwa mayai?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Unakaa unafanya nini?"

Wakaenda. Benchi lilikuwa tupu na lenye maji. Eugénie alilifuta kwa kanga, akamkalisha mama, akatazama juu.

"Wametoka," alisema.

"Wangapi?"

"Naona vinywa tu. Vitatu. Viko... viko wazi."

"Vinywa namna gani?"

"Vya njano. Mama yao amekuja na kitu. Amewapa."

"Kitu gani?"

"Kidudu."

Mama Marthe alisonya. "Hujui kusema. Ule mutu alikuwa anajua kusema." Akauma mdomo, kana kwamba ameteleza.

Eugénie alikaa karibu yake, bega kwa bega. "Mama. Siku ile ulipomwita, niliweka kidole mdomoni, asijitaje. Yeye hakupenda. Mimi nilitaka umujue mbele ya kumukataa mara ya pili. Kosa ni yangu. Lakini macho yako sikuyachezea, mama. Kila siku nilikuwa nasema moyoni, laiti angemuona."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia kwa Kantengwa. Ukaomba radhi ya maziwa ya chai."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa mama, kikaondoka. "Nilikuwa naogopa, Eugénie. Mutu akiogopa anasema hapana haraka."

"Hata mimi naogopa. Naogopa nikimukosa nitakuwa ninakushika mukono na moyo wangu unakulaumu. Sitaki kukushika hivyo."

Walikaa hadi jua likapenya majani. Wakati wa kurudi chumbani, mama ndiye aliyeutafuta mkono wa Eugénie, akaushika kwa nguvu kuliko barabara ilivyohitaji. Na walipompima tena, presha ilikuwa imetulia.

Akapasuliwa jicho la kulia. Kitambaa kilipotolewa, nesi alimwonyesha vidole vyake, mama akavihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akaomba aonyeshwe vingine. Kisha akamtafuta bintiye, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akiogopa hata kupumua.

"Umekonda," alisema. "Nani alikukondesha?"

"Wewe, mama."

"Mm," alisema mama, akaanza kulia, na nesi akaruka: "Hapana, hapana, nyabo! Hapana lia! Hii jicho bado mpya!" Wakacheka wote watatu, mama akipepewa uso kwa karatasi.

Waliruhusiwa kurudi Nakivale. Gari lao lilikuwa liondoke saa sita. Asubuhi ile mama, akiwa amevaa miwani nyeusi ya hospitali, alitangulia njiani bila kuongozwa. Alisimama kwa kila kitu: rangi ya ndoo, mabati mapya, ndizi juu ya baiskeli. Alipofika bustanini alikwenda moja kwa moja chini ya mti kama aliyeujua siku zote, akainua kichwa.

"Kumbe ni kadogo namna hii!" alinong'ona.

Vifaranga vilikuwa vimeota manyoya na havikuenea tena kiotani. Kimoja kilikuwa kimekaa ukingoni, kikipigapiga mabawa, na baba yao alipita mbele yake akiburuta ule mkia wake kama utepe wa harusi. Kifaranga kilijitupa. Kikashuka, kikashika tawi la chini kwa bahati, kikabaki kimeduwaa. Mama Marthe aliachia sauti kama aliyekuwa ameanguka yeye.

Ilikuwa Jumamosi. Upande wa pili wa bustani, karibu na uzio, kundi la watazamaji wa ndege lilikuwa likizunguka, watu wazima wenye kofia na vidole vilivyoelekezwa juu. Mtu mmoja kati yao, mrefu kuliko wote, alikuwa ameupa mgongo mti wa Papa Mukia. Alisimama hivyo kwa bidii, kama mtu aliyeapa asigeuke.

Mama alifuata macho ya Eugénie.

"Yule mwenye masikio?"

"Mama..."

"Njo ule?"

"Ndiyo, mama. Ndiye."

Mama Marthe alimkagua kwa muda. "Kumbe hata si muzuri!" alisema kwa mshangao wa kweli. "Kwa ile sauti nilifikiri ni muzuri!"

Eugénie alicheka hadi akalazimika kushika shina la mti, na hakujua kicheko kiligeuka kilio wakati gani.

"Muite," mama alisema.

"Mama?"

"Si alisema hatakuja mupaka nimuite? Wewe ulimuambia Divine, na Divine aliniambia jana kwa simu. Mulifikiri ninyi peke yenu mulikuwa na siri? Nilimupigia, nikamuuliza kama yeye amenisahau kule aliko. Akasema anapika sombe yangu kila Jumapili, siku ya Mungu, na watoto wanaila kwa kupigana. Muite."

Eugénie aliita jina lake. Lilitoka dogo, lakini mgongo ule mrefu uligeuka papo hapo. Mihigo alikuja akivuka nyasi, akasimama mbali kidogo, darubini yake imebanwa kifuani, macho yametazama chini kabisa.

"Jambo, mama," alisema. "Nafurahi umepona."

"Inua kichwa."

"Mama, haifai..."

"Najua haifai. Hata kwetu haifai. Mukwe na mama mukwe hawaangaliane usoni, wanapishana njia, maneno yao yanapitia kwa mutu mwingine. Najua." Mama Marthe aliivua miwani yake taratibu. Jicho lake jipya lilikuwa jekundu na lenye maji, nalo lilimlenga. "Njo maana nakuambia uinue leo. Shangazi yako akirudi, nikimukubalia, sitakuangalia tena siku zangu zote. Macho nimepata juzi, na nataka kujua ni mutu gani ninamupa mutoto wangu. Leo bado hujakuwa mukwe. Inua."

Mihigo akainua kichwa. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, naye hakuyafuta, maana hakujua kama anaruhusiwa kusogeza mkono. Mama Marthe alisogea karibu. Alimtazama paji la uso, nyusi, yale masikio, mdomo uliokuwa ukimsimulia. Alimtazama kama alivyotazama ndoo na mabati na ndizi, bila haraka, akichukua kila kitu.

"Basi," mama alisema mwishowe. "Nimekuona."

Akavaa miwani. Kisha akamgeuzia Mihigo mgongo, wima, kwa heshima zote, akatazama upande wa mto.

"Eugénie," alisema kwa sauti kubwa. "Muambie ule bwana, Kantengwa akuje Nakivale siku ya Mungu. Sitasema hapana."

Mihigo alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na alikuwa amesikia kila neno. Eugénie akamgeukia. "Mama anasema..." Akafuta uso, akaanza upya. "Mama anasema shangazi akuje siku ya Mungu. Hatasema hapana."

Mihigo naye alikuwa amekwisha kugeuza uso pembeni, kama mkwe anavyotakiwa. "Muambie mama," alisema, "aksanti. Muambie atakuja."

"Anasema aksanti, mama. Anasema atakuja."

"Muambie nyumba yenu mutaijenga fasi naweza kufika kwa miguu yangu, mbele jua halijakuwa kali."

"Anasema nyumba..."

"Muambie," Mihigo aliwahi, "fasi ya kujenga atachagua yeye mwenyewe."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia," alisema Mama Marthe, akisahau, kisha akajirekebisha haraka: "Sijasikia. Niambie."

Na Eugénie, amesimama katikati ya watu wawili waliopeana migongo, akicheka na kulia kwa kinywa kimoja, akamwambia.